Skafu ya kroshia ya Kitunisia: mshono wa sega, hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa kuhusu kroshia ya Kitunisia ni yaleyale, yanabadilisha nguo tu. Mbona skafu yangu inajikunja kama mkeka? Mbona nilianza na upana wa shubiri nzima na sasa imebaki vidole vinne? Sindano yangu ya kawaida haitoshi? Nimechoka kujibu kwa vipande, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Ukifuata mpaka mwisho utakuwa na skafu yenye vishimo vishimo kama sega la nyuki, laini, isiyojikunja ovyo, na yenye kingo mbili zilizonyooka.

Nianze na hizo kingo. Wengi wanaogopa nakshi ya katikati, kumbe katikati hapana shida. Skafu nyingi za wanaoanza huharibikia pembeni, kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho. Ya kwangu ya kwanza ilianza na mishono 40 ikaishia na 31. Mtu mmoja aliuliza kwa heshima zote kama nilikuwa nafuma tai.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Kwenye kroshia ya kawaida unamaliza kila mshono kabla ya kwenda mwingine, na ukifika mwisho wa mstari unageuza kazi. Hapa sivyo. Unakwenda kutoka kulia kuelekea kushoto ukiokota vitanzi na kuviacha vyote kwenye sindano, halafu unarudi kutoka kushoto kuelekea kulia ukivitoa. Kwenda na kurudi ndiyo mstari mmoja. Kazi haigeuzwi hata mara moja. Uso wake unakutazama mwanzo hadi mwisho. Nadharia imeishia hapo.

Vitu vya kuandaa

Sindano ya kroshia ndefu, ya milimita 6.5, yenye urefu wa sentimita 30 hivi na kizuizi nyuma ili vitanzi visidondoke. Zipo pia zenye waya unaopinda. Hizo ni nzuri zaidi kwa blanketi, lakini kwa skafu sindano iliyonyooka inatosha. Sindano ya kawaida haitafaa kwa upana huu kwa sababu vitanzi 34 havina pa kukaa, hasa ikiwa ina mshikio mnene katikati. Itakufaa kwa kipande cha mazoezi tu, tena iwe nyembamba sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Funga mpira wa kubania nywele kwenye mkia wake uwe kizuizi.

Uzi wa unene wa wastani, ule ambao lebo yake ina namba 4. Uwe laini, wa rangi ya kung'aa kidogo, usio na manyoya. Najua uzi mweusi unapendeza, lakini kwa kazi ya kwanza utakutesa, maana hutaona unapochoma sindano. Wenye manyoya ndio kabisa, unaficha nakshi yote uliyoihangaikia. Sufu ni bora kwa sababu inanyumbuka na inatii maji, akriliki (uzi wa kiwandani) inakubalika, pamba ni nzito shingoni na haisamehe mkono usio sawa.

Kiasi ni gramu 250 hadi 300, kwa uzi ambao gramu 100 zina mita 200 hivi. Kroshia hii inakula uzi. Nunua wote kwa siku moja, na hakikisha namba ya rangi kwenye lebo ni ileile kwa kila bonge. Rangi zinazofanana dukani hutofautiana zikikaa bega kwa bega juani.

Zaidi ya hapo: mkasi, rula au futi ya fundi, sindano butu ya kushonea yenye tundu kubwa, pini zisizoshika kutu, na vipande vifupi vya uzi wa rangi nyingine vya kuwekea alama.

Kuhusu ukubwa wa sindano, usikubali lebo ikudanganye. Lebo inaandikwa kwa kufuma kwa sindano mbili au kroshia ya kawaida. Kwa Kitunisia panda milimita moja hadi mbili. Ukitumia ileile ya kwenye lebo utapata kitu kigumu cha kuwekea sufuria ya moto, si skafu.

Kipande cha kupimia

Usiruke hapa. Anza na mishono 24 tu, ufume mistari 12 kwa maelekezo ya hatua zilizo chini. Kilaze mezani bila kukivuta, weka rula katikati, hesabu mishono mingapi imo ndani ya sentimita 10. Mimi napata 16. Ukipata 14, mkono wako ni mlegevu kuliko wangu, na mishono 34 itakupa sentimita 24 badala ya 21. Hilo si kosa. Ongeza au punguza mishono ya kuanzia, lakini idadi ibaki shufwa: 28, 30, 34, 36. Ikiwa witiri, jozi za mishono hazitatimia ukingoni.

Kishike kipande hicho mkononi, ukikunje. Kama kinasimama chenyewe kama kadi, panda sindano.

Mishono miwili utakayotumia

Tazama kipande chako kwa karibu. Utaona vijiuzi vilivyosimama wima, kimoja kwa kila mshono. Hizo naziita nguzo, na ndizo utakazochomea sindano.

*Mshono wa kawaida.* Uzi uko nyuma ya kazi. Pitisha sindano nyuma ya nguzo, kutoka kulia kwenda kushoto, zungusha uzi kwenye sindano, vuta kitanzi. Kiache kwenye sindano.

*Mshono wa kikuku.* Leta uzi mbele ya kazi, upande wako, ukiushikilia kwa kidole gumba. Pitisha sindano nyuma ya nguzo inayofuata kama kawaida, kulia kwenda kushoto. Sasa rudisha uzi nyuma ukipita mbele ya nguzo na chini ya sindano, uzungushe kwenye sindano, vuta kitanzi. Uzi uliopita mbele unabaki umelala mguuni pa mshono mpya kama kikuku. Ndiyo maana ya jina. Ni la kwangu, wewe uite utakavyo.

Mara kumi za kwanza mshono huu unakera. Uzi unateleza, kidole hakijui pa kukaa. Fanya mstari mzima wa vikuku vitupu kwenye kipande cha mazoezi kabla hujagusa skafu yenyewe. Vidole vitajifunza.

Kazi yenyewe

1. Tengeneza fundo la kuteleza kwenye sindano, kisha fuma cheni 34, yaani vitanzi vinavyovutwa kimoja ndani ya kingine. Zifume kwa ulegevu. Cheni iliyokazwa hubana chini ya skafu na hakuna maji yatakayoinyoosha baadaye. Ukijijua una mkono wa kukaza, tumia sindano kubwa zaidi kwa cheni peke yake.

2. Geuza cheni utazame mgongo wake. Kila cheni ina kijinundu kimoja nyuma. Kitanzi kilicho kwenye sindano ni mshono wa kwanza tayari, kwa hiyo anza na cheni ya pili kutoka kwenye sindano: choma kijinundu, zungusha uzi, vuta kitanzi, kiache. Endelea mpaka mwisho. Unaweza kuchoma mbele ya cheni ukiona mgongo unakusumbua, ila ukingo wa chini hautafanana na wa juu.

3. Hesabu. Viwe vitanzi 34. Vikiwa 33 umeruka kimoja. Fumua sasa, si baada ya mistari kumi.

4. Kurudi. Zungusha uzi, upitishe kwenye kitanzi kimoja tu. Kisha zungusha uzi, pitisha kwenye vitanzi viwili, tena viwili, tena viwili, mpaka kibaki kimoja. Kile kimoja cha mwanzo ndicho wanachosahau wengi. Ukianza moja kwa moja na viwili, ukingo wa kushoto unabanwa na unameza mshono.

5. Mstari wa pili, kwenda. Kitanzi kilichobaki kwenye sindano ndicho mshono wa kwanza. Iruke nguzo ya kwanza kabisa, ile iliyo moja kwa moja chini yake, uanze na ya pili: kawaida, kikuku, kawaida, kikuku. Rudia jozi ya kawaida na kikuku mara 16 (kwa idadi nyingine ya mishono, mpaka ibaki nguzo moja), utafika kwenye nguzo ya mwisho.

6. Nguzo ya mwisho, ukingoni kushoto, haifumwi kama nyingine. Igeuze kidogo kwa kidole uitazame kwa pembeni: utaona nyuzi mbili, ya mbele na nyingine nyuma yake, zinafanana na V iliyolala. Ingiza sindano nyuma ya zote mbili, zungusha uzi, vuta kitanzi. Ukishika moja tu ukingo utakuwa na matundu na kulegea. Hesabu tena: 34.

7. Rudi kama hatua ya 4. Kurudi hakubadiliki kamwe, skafu nzima.

8. Mstari wa tatu, kwenda. Ruka nguzo ya kwanza, kisha pindua mpangilio: kikuku, kawaida, kikuku, kawaida, mara 16. Maliza ukingo kwa nyuzi mbili. Rudi.

9. Endelea kubadilishana mistari ya hatua ya 5 na ya 8. Kufikia mstari wa sita vishimo vya sega vitaanza kujitokeza. Usivunjike moyo ukiona mistari minne ya mwanzo haina sura. Yangu pia haina.

10. Kuhusu kukumbuka uko mstari gani: usihesabu, soma kazi. Tazama nguzo unayotaka kuichoma, shuka mpaka mguuni pake. Ina kikuku? Fuma kawaida. Haina? Ivalishe. Kanuni ni hiyo moja tu, na ukiishika unaweza kuacha kazi wiki mbili, ukarudi, ukaendelea bila karatasi. Tazama nguzo mbili za kwanza za katikati kila unapoanza mstari, halafu acha mkono uende.

11. Kubadilisha bonge. Usifunge fundo katikati ya skafu, litatokeza shingoni. Subiri unaporudi, vikibaki vitanzi viwili vya mwisho upande wa kulia: zungusha uzi mpya, uupitishe kwenye vyote viwili. Acha mikia ya sentimita 15 pande zote. Njia hiyohiyo ndiyo ya kubadili rangi, ukipenda skafu ya mapande.

12. Bonge la kwanza likiisha, pima urefu ulioupata. Kama gramu 100 zimekupa sentimita 60, na unataka 160, unajua mapema kama uzi uliobaki utatosha. Bora ujue sasa kuliko ukiwa na sentimita 130 na uzi wa kufungia tu.

13. Kufunga. Ukifika urefu unaoutaka, maliza kurudi, kisha fuma mstari wa mwisho hivi: choma nguzo kwa mpangilio uleule wa sega, zungusha uzi, uuvute upite kwenye nguzo na kwenye kitanzi kilicho kwenye sindano. Kinabaki kimoja kila mara. Usikaze. Mwishoni shika nyuzi mbili za ukingo, fuma cheni moja, kata uzi ukiacha sentimita 15, vuta upite. Wengi hufunga kwa mishono ya kawaida mitupu. Inawezekana, ila sega linakatika ghafla na inaonekana kama umechoka.

14. Ficha mikia kwa sindano butu upande wa nyuma. Pitisha kuelekea upande mmoja kwa sentimita 5, kisha rudi kinyume kidogo. Uzi uliopita njia moja tu hutoka ukifuliwa.

Kunyoosha kwa maji

Hapa ndipo skafu inakuwa skafu. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, bila kuisugua. Itoe ukiibeba kwa viganja vyote viwili, maana sufu iliyolowa ikining'inia hurefuka. Iviringe ndani ya taulo, ikanyage taulo. Usiikamue kwa kuisokota. Ilaze kwenye godoro au mkeka safi, pima upana kwa rula kila baada ya sentimita 20, bana kwa pini, iache ikauke kabisa. Kabisa maana yake siku nzima au zaidi, si mpaka uso tu ukauke.

Akriliki haitii maji hivyo. Ibane kwa pini ikiwa kavu, kisha pitisha pasi yenye mvuke juu yake kwa umbali wa vidole viwili, bila kuigusa. Pasi ya moto ikiigusa akriliki, uzi unalegea na kung'aa, na haurudi tena hali yake. Jaribu kwanza kwenye kipande chako cha kupimia; na hii ndiyo sababu nyingine ya kutokiruka.

Mambo yakienda kombo

*Inajikunja kutoka chini.* Kroshia ya Kitunisia ina tabia ya kujikunja kwa sababu uso na mgongo wake havilingani. Nyuzi za kurudi zinarundikana nyuma. Vikuku vinaleta uzi mbele na kusawazisha, ndiyo maana nimechagua sega na si mishono ya kawaida mitupu. Mistari mitatu minne ya mwanzo itajikunja bado. Iache, uzito wa kazi na maji vitaituliza. Ikiendelea mpaka sentimita 20, sindano yako ni ndogo. Maji hayatakuokoa hapo, fumua uanze na kubwa zaidi.

*Inakuwa nyembamba.* Ni mojawapo kati ya mawili: unaacha nguzo ya mwisho kushoto, au unarudi ukianzia na vitanzi viwili. Funga kijiuzi cha alama kwenye nguzo ya mwisho na ukihamishe kila mstari mpaka jicho lizoee.

*Inapanuka.* Unafuma nguzo ya kwanza ambayo ilipaswa kurukwa. Au umechoma nafasi iliyo kati ya nguzo mbili ukadhani ni nguzo.

*Ukingo wa kulia una vitanzi vikubwa vilivyolegea.* Ukishaokota kitanzi cha pili cha mstari, vuta uzi kidogo kabla ya kuendelea. Kidogo.

*Badala ya sega nimepata mistari ya wima, kama mbavu.* Umerudia mpangilio mmoja kila mstari, kikuku juu ya kikuku. Rudi kwenye kanuni ya hatua ya 10. Kwa kweli mbavu hizo nazo zinapendeza, na kama umeshafika nusu ya skafu sitakulaumu ukiendelea nazo mpaka mwisho.

*Kishimo kimoja kimekosekana katikati.* Kuna nguzo moja uliyoisahau kikuku chake. Ikiwa ni mstari wa chini sana, iache. Nikuhakikishie hakuna atakayeiona ikiwa shingoni. Mimi naziona zangu zote, lakini mimi ndiye niliyezifuma.

*Nataka kufumua bila kupoteza kila kitu.* Kama uko kwenye kwenda, toa tu vitanzi vichache nyuma mpaka kwenye kosa. Kama umesharudi, toa sindano kwenye kitanzi kilichobaki na uvute uzi polepole kuanzia kulia. Kila vitanzi vinapofunguka, vipitishie sindano kimoja kimoja, kulia kwenda kushoto, kabla hujavuta tena. Ukivuta kwa pupa vitaporomoka mstari wa chini. Ukijiona una wasiwasi, kabla ya kufumua pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine, kwa sindano butu, nyuma ya nguzo zote za mstari ulio salama. Ufumuaji utakoma hapo hapo.

*Mimi ni mashoto.* Badilisha kulia na kushoto kila mahali: unaokota kutoka kushoto kuelekea kulia, unarudi kutoka kulia, na ukingo wa nyuzi mbili uko kulia kwako. Ukitazama picha za mtu anayetumia mkono wa kulia, ziweke mbele ya kioo.

*Kiganja kinauma.* Unashika sindano kama kalamu. Sindano hii ina uzito wa vitanzi 34, kalamu haina. Ishike kwa kiganja kizima, kama unavyoshika kisu cha kukatia mkate, na weka kazi mapajani badala ya kuibeba hewani. Mistari kumi, kisha nyoosha vidole.